Mwaka Tuliotafuta Stendi Isiyotikisika

Tulipomzika Baba Awuor kwao upande wa ziwa mwaka jana, binti yake alinishika mkono tukiwa bado tunapangusa udongo viatuni, akanipeleka kwenye chumba alicholala babake miaka yake ya mwisho. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kana kwamba mwenyewe ametoka tu kwenda dukani. Ukutani, juu ya mito, palikuwa na picha moja tu, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu ya mbao. Niliijua kabla sijaikaribia. Safu za michai zinashuka kilima, vilima vya upande wa Nyamira viko nyuma, angani kuna nyota yenye mkia, na chini yake mtu ameketi kwenye kiti, uso wake umefutika ukawa ukungu. Awuor aliitazama, akanitazama mimi. "Anti," akasema, "Baba alipiga harusi za Sotik nzima. Sijawahi kuona picha yake ikiwa imetikisika, hata ya kitambulisho. Sasa hii ya Mama, na ndiyo ya mwisho, mbona aliiharibu? Na kama aliiharibu, mbona aliiweka hapa alale akiiangalia?" Nje watu walikuwa wanaitwa kula, mtu fulani akapiga mlango kutuuliza kama tumeonja wali. Jibu la Awuor lilihitaji mwaka mzima, na kwenye chakula cha matanga hakuna anayekupa mwaka mzima. Kabla sijaondoka alinitolea kitu kirefu kilichofungwa kwa leso, akasema babake aliacha neno kwamba hicho ni cha Chebet. Chebet ni mimi. Sikuhitaji kukifungua. Nilikipima kwa mkono tu, nikalia pale uani mbele ya wageni, mimi ambaye makaburini nilikuwa nimejikaza.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na ninaishi kwa shangazi yangu juu ya Sotik, kwenye kilima cha njia ya Chepilat, ninachuma chai naye asubuhi na kujiona nimepotea. Kisha nikapata kazi kwenye studio ya Baba Awuor, pale Sotik mjini, kati ya duka la dawa za ng'ombe na mkahawa uliokuwa ukikaanga mandazi kutwa nzima, hata picha zetu zilikuwa na harufu ya mandazi. Wasichana wa leo wakiona simu zao hawawezi kuamini kwamba watu walivaa, wakapaka mafuta, wakatembea kutoka vijijini kuja kupigwa picha moja. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ndege na maghorofa ya Nairobi, kioo, chanuo lililofungwa kwa uzi lisiibwe, na koti moja jeusi na tai ambavyo nusu ya wanaume wa Sotik wamevaa kwenye picha zao. Kazi yangu ilikuwa kulifunga lile koti kwa pini mgongoni likae kwa kila mtu. Kazi ya Baba Awuor ilikuwa kusema maneno mawili. Alikuwa akiinama nyuma ya kamera, anainua kidole, anasema, "Shika pumzi." Basi mtu anashika pumzi, awe chifu au bibi harusi, mpaka asikie mlio wa kamera. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Ukipumua alikuwa anakurudisha upya kama mwalimu.

Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na nyuma ya chumba cha giza ndipo walipoishi: kitanda, jiko la mkaa, meza moja, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa mkahawa. Mama Awuor alikuwa amelala kwenye kitanda hicho tangu kabla sijaajiriwa. Ilikuwa kansa ya tumbo. Hospitali ilikuwa imemwambia mumewe arudi naye nyumbani, na sote tulijua maana yake, ila tulizungumza kana kwamba hatujui. Mimi ndiye niliyempelekea chai, na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ambayo shangazi alinipa kwenye kibuyu kidogo, kwa sababu kulikuwa na siku ambazo hakikupita kooni kitu kingine. Aliipenda, halafu alinicheka. "Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "nyinyi watu wa huku mnaweka maziwa mpaka yakasirike ndiyo mnakunywa." Alinifundisha kupika omena, dagaa wa ziwani kwao, zisiwe chungu, yeye akiwa amelala ananielekeza kwa kidole, nami niliziharibu mara nyingi sana. Kukiwa na wateja wengi, nilimsikia kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao akimwiga mumewe, "Shika pumzi," kisha akicheka mpaka akakohoa. Awuor alikuwa mdogo wa kuchezea chini ya meza. Mama yake alituita sisi wawili Usiku na Mchana, kwa sababu jina la Awuor ni la mtoto aliyezaliwa usiku, na langu ni la aliyezaliwa mchana.

Nyota yenye mkia ilitokea karibu na msimu wa mvua. Jioni, jua likishazama, ilionekana upande wa Nyamira, si juu sana, na mkia wake umeinuka kama moshi wa jiko. Sotik nzima haikuwa na habari nyingine. Wauza maziwa walibishana kama itaanguka. Wahubiri wa sokoni waliipata kabla ya mtu yeyote na kuifanya ya kwao. Sisi tuliifikisha kwa Mama Awuor kwa maneno, kila mtu na maelezo yake, na yeye alisikiliza, kisha akageukia lile dirisha lake la ukuta. Jioni moja nikiwa naosha vyombo nilimsikia akimwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Kila mtu ameiona. Hata mlevi wa hapo nje ameiona. Mimi nitakufa sijaiona?" Alisema hivyo hivyo, bila machozi, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Nilimsikia Baba Awuor akisogeza kiti. Kesho yake asubuhi alinikuta mlangoni akaniambia, "Chebet, tutampigia hiyo nyota. Tutamletea hapa kitandani."

Kupiga nyota, nilikuja kujifunza, si kama kupiga chifu. Nyota haina mwanga wa kutosha, kwa hiyo kamera lazima ifungue jicho na kulikodoa kwa muda, na muda wote huo isicheze hata unywele. Stendi ya studio, ile ya kusimamishia kamera, ilikuwa ya aluminiamu, miguu myembamba, ya kutosha kwa mtu aliyeshika pumzi na taa mbili za kumulika uso. Tulipanda nayo mpaka kwa shangazi, tukaisimamisha kwenye ukingo wa shamba, na picha zote zikatoka na nyota iliyochorwa kama mdudu aliyekanyagwa. Baba Awuor alizitazama chini ya taa nyekundu, akazitupa. Kisha akafanya jambo nililoliona la kipuuzi. Aliisimamisha stendi ile katikati ya studio, akaweka kikombe cha chai juu yake, pale kamera inapofungwa, akaigonga mguu kwa kidole. Chai ilitetemeka, ikaendelea kutetemeka, ikatulia polepole sana. "Unaona?" akasema. "Mtu akikohoa huko Chepilat, hii inasikia." Tangu siku hiyo tulikuwa tunatafuta stendi, na kipimo chetu kilikuwa kikombe cha chai. Alinifundisha pia kwamba ile shingo ya katikati haivutwi juu hata ukiwa mfupi, kwa sababu shingo ndefu hutingika, na kwamba miguu inayofunguka vipande vingi huwa na kipande cha mwisho chembamba ambacho ndicho kinachokusaliti.

Stendi ya pili ilikuwa ya mbao. Tuliiazima kwa mzee mmoja pale mjini ambaye zamani aliwabebea vifaa wapimaji wa mashamba. Miguu yake ilikuwa minene kama mipini ya jembe, na ncha zake za chuma zilizama ardhini zikashika. Seremala aliitengenezea skrubu ya kamera. Tulipoweka chai juu yake na kuigonga, chai ilishtuka kidogo tu ikanyamaza. Nilifurahi nikasema basi, tumepata. Kosa langu na lake ni kwamba tuliitazama kwa macho ya picha. Hatukuitazama kwa macho ya mtu mwenye shamba. Tuliipandisha kilimani jua likiwa bado lipo, tukaisimamisha juu ya mpaka wa shangazi, mtu wa ziwa, Mjaluo, ameinama nyuma yake amefumba jicho moja, na mwaka ule ulikuwa wa kura. Miaka michache nyuma, kwa ugomvi wa makabila na mashamba, nyumba zilikuwa zimechomwa pande zote mbili za mpaka wa Chepilat. Giza halijaingia vizuri tukaona watu wanapanda kati ya michai, na mbele yao Arap Rono, jirani wa shangazi, ameshika rungu.

"Nani amekutuma kupima hapa?" aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimwamkia, nikamwambia huyu ni Baba Awuor wa studio, ndiye aliyempiga picha yake ya kitambulisho. "Namjua," akasema Arap Rono. "Lakini hiyo miguu ni ya sapea, ya kupima shamba. Mtu wa picha anatafuta nini na miguu ya sapea kwa mpaka? Na jioni?"

Baba Awuor aliinua mikono, akaiacha wazi waione. "Mzee, sipimi shamba. Napiga ile." Akaelekeza kidole. Wote waligeuka. Nyota ilikuwa inaanza kuonekana. Kisha akaongeza, "Mama ya mtoto wangu ni mgonjwa. Hawezi kutoka nje. Nataka kumpelekea aione."

Arap Rono alishusha rungu lakini uso wake ulizidi kukunjamana. Wazee wetu hawakuipenda nyota ya aina hiyo, waliamini inatangulia mabaya. "Hiyo si kitu ya kupelekea mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa mwenyewe ndiye ameitisha," Baba Awuor akamjibu.

Walisimama nasi mpaka tukapiga picha moja, wakisogea kila mara kuhakikisha kamera inatazama juu na si upande wa shamba. Tulipofungasha, Arap Rono aliigusa miguu ile ya mbao kwa rungu lake. "Picha, sawa. Kuja, sawa. Lakini hii kitu isirudi hapa. Mimi nimeelewa. Wengine hawataelewa." Hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli, na tuliteremka tukiwa tumeshika ile stendi chini chini kama watu walioiba mbao.

Picha hiyo moja ilitoka safi. Nyota kali, mkia wake umetandazwa vizuri, hata ukingo wa vilima unakatika kama kwa kisu. Baba Awuor aliiosha karatasi kwenye beseni, hakungoja ikauke, akaipeleka ikiwa bado inadondosha maji. Mimi nilibaki nyuma ya pazia nikisubiri kusikia furaha. Nilisikia maji yakidondoka sakafuni. Kisha Mama Awuor akasema, "Ni nzuri. Umefanya vizuri, Baba Awuor. Lakini picha ni ya wale watakaobaki. Mimi nataka kuiona yenyewe." Mumewe akamwambia kwa upole kwamba kule ni mbali na ni mlima. "Najua," akasema. "Umekuwa ukiomba kunipiga picha tangu niugue, na nimekuwa nikikataa kwa sababu ya hii sura. Nipeleke huko juu. Nikiwa huko, nitakubali. Utanipiga na hiyo nyota, na utakuwa na ya kubaki nayo." Naandika haya nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, na bado sijui mtu anapata wapi nguvu ya kusema neno kama hilo, "kubaki nayo", akimwambia mume wake, huku mtoto anacheza na vifuniko vya soda chini ya meza.

Wakati huohuo meneja mmoja wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho, Mzungu aliyekuwa anarudi kwao baada ya miaka mingi, alimwita Baba Awuor ampigie picha za nyumba yake, bustani yake na watumishi wake, za kwenda kukumbukia. Tulifanya kazi hiyo siku kadhaa. Mwishoni yule meneja, ambaye aliona afadhali kugawa vitu kuliko kuvifungasha, alitupeleka kwenye veranda akamwambia Baba Awuor achague kimoja badala ya malipo. Kulikuwa na friji ndogo. Kulikuwa na baiskeli nzuri sana. Na kulikuwa na stendi mbili alizokuwa akitumia kupigia ndege picha: moja kubwa ya chuma kizito, nyingine nyeusi, ambayo alisema ni ya nyuzi za kaboni, kitu kipya ambacho hata kwao wachache walikuwa nacho. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye friji. Niliona maziwa ya Mama Awuor yakikaa baridi, nikaona na dawa zake. Nilimnong'oneza. Hakunisikia, au alijifanya hakunisikia. Mpishi alikuwa ametuletea chai. Baba Awuor alichukua kikombe chake bila kukinywa, akakiweka juu ya ile stendi ya chuma, akaigonga. Chai ikatulia mara moja. Akakihamishia kwenye ile nyeusi, akaigonga. Ikatulia vilevile. Meneja alikuwa anatutazama kama anayetazama waganga. Miguu ya ile nyeusi ilikuwa minene, ilifunguka vipande vichache, haikuwa na haja ya kuvuta shingo, na ncha zake zilikuwa na misumari ya kushika udongo. Nilisema kama lazima iwe stendi basi achukue ya chuma, kizito hakiangushwi na upepo.

Ndipo akafanya jambo la pili nililoliona la kipuuzi. Alichukua ile ya chuma kwa mkono mmoja, mkono mwingine akaurudisha nyuma kiunoni, akainama mbele, akashuka ngazi za veranda na kuzipanda tena, polepole, uso umekazana. Akaiweka chini. Akachukua ile nyeusi, akafanya vilevile, ameinama, mkono mmoja nyuma, anashuka, anapanda. Mpishi alicheka. Mimi niliona haya. Alipomaliza alimwambia meneja, "Nimechagua hii nyeusi, asante," na njia yote ya kurudi Sotik nilikuwa nimemnunia. Nilimwambia mgonjwa ana haja ya friji kuliko ya mti wa kaboni. Tulipokaribia mjini akasema, "Chebet, kati ya michai wanapita watu wangapi kwa pamoja?" Nikamjibu kwa hasira kwamba anapita mmoja, kila mtu anajua. "Basi hawezi kubebwa kwa kitanda," akasema. "Hawezi kubebwa na watu wawili. Ni mgongo mmoja tu utakaompandisha, na mkono wake mmoja umshike asidondoke. Huo mkono mwingine ndio nilikuwa naupimia." Niligeukia dirisha la matatu, na Chepilat ingeweza kuhamia Mombasa nisiione.

Kisha mvua ikaja, mvua ya kwetu ambayo huanza alasiri na kulala nasi. Jioni baada ya jioni tulisimama mlangoni mwa studio tukitazama mawingu. Nyota ilikuwa inashuka chini kidogo kila wiki, na watu walikuwa wameshaizoea, hakuna aliyeiuliza tena. Mama Awuor alikuwa anashuka pia. Aliacha omena, akaacha uji, akabaki na mursik ya kulamba kwa kijiko. Alipoona tunarudi ndani tumenuna, alikuwa anatutania. "Leo imeenda kanisani," alisema. "Leo inafua nguo." Stendi nyeusi ilisimama karibu na kitanda chake siku zote hizo, na Awuor alitundika mwanasesere wake juu yake. Nilikuwa naogopa kufika asubuhi. Kila nilipofungua mlango wa mbele nilisikiliza kwanza, mpaka nisikie kikohozi chake ndipo nifungue mapazia.

Ilikuwa mvua ya mawe iliyotufungulia anga. Alasiri moja ilipiga mashamba mpaka majani ya chai yakatapakaa chini, watu wakalia hasara, na ilipokwisha upepo ukafagia kila kitu, mbingu ikabaki tupu. Baba Awuor hakuuliza mtu. Alimwomba mwenye pikapu ya maziwa atufikishe kwa shangazi, na Mama Awuor akakaa mbele amefunikwa blanketi mbili. Shangazi alimpokea Awuor jikoni, akampa viazi vya kuchoma. Hakuuliza tunakwenda wapi, ila alinipa kikapu chake cha kuchumia chai, akaniambia, "Jaza mawe, muitundike hapo chini ya hiyo kitu, iguse chini. Upepo wa juu sio mchezo." Kisha Baba Awuor akachuchumaa mlangoni. Shangazi na mimi tukamweka mkewe mgongoni mwake, tukamfunga kwa leso jinsi mtoto anavyofungwa, na akainuka. Hakuinuka kwa shida. Hilo liliniuma kuliko kama angeyumba. Akarudisha mkono mmoja nyuma kumshika, mkono mwingine nikampa stendi, na akainama vilevile nilivyomwona akiinama kwenye zile ngazi za veranda mpishi akimcheka.

Tulipanda tukifuatana, yeye mbele, mimi nyuma na kiti, taa, kikapu na mkoba wa kamera. Mawe ya barafu yalikuwa bado yamelala kwenye mashina ya michai, na harufu ya majani yaliyopondwa ilijaa kote, kama ya kiwandani. Nilimsikia Mama Awuor akimwambia maneno ya Kijaluo sikioni, na yeye akijibu kwa pumzi fupi, na mara moja wakacheka wote wawili. Juu ukingoni Arap Rono alikuwa akitazama hasara yake. Aliona ni nani amebebwa, akavua kofia. Akaangalia ile miguu myeusi ikifunguliwa, na safari hii hakuuliza chochote. Alichukua kikapu kutoka kwangu, akaanza kutafuta mawe.

Tulimkalisha kwenye kiti, tumemfunika blanketi, uso wake upande wa Nyamira. Nyota ilikuwa pale. Chini, karibu na vilima, mkia wake umefifia kuliko ulivyokuwa mwanzo, lakini ilikuwa pale. Mimi nilisubiri aseme jambo kubwa, nilikuwa msichana, nilidhani wakati kama huo watu husema mambo makubwa. Alisema, "Kumbe ni ndogo." Kisha akasema, "Ni nzuri hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Baba Awuor alimwacha ashibe kwanza. Halafu akaja, akamgeuza kidogo, akamwomba radhi kwa kumgeuza, ili amtazame yeye na nyota ibaki juu ya bega lake. Nikashika taa chini, nyuma ya kamera. Stendi ilikuwa imeshika udongo, mawe ya Arap Rono yamegusa chini, upepo unapita na haikuwa na habari nao. Homa ilikuwa inamtetemesha Mama Awuor, nilikuwa naona blanketi ikienda na kurudi. Aliketi wima kadiri alivyoweza, na nikamwona anavuta hewa, anafunga midomo, anajiandaa. Alikuwa amelisikia neno lile kupitia ukuta wa mbao miaka yote. Alikuwa anashika pumzi.

Baba Awuor aliinua kidole, kisha akakishusha. "Usishike," akamwambia. "Wewe pumua."

"Itatikisika," akasema.

"Pumua tu, Mama Awuor."

Akafungua jicho la kamera, akaliacha wazi muda mrefu kuliko nilivyozoea, na hakuna aliyesogea, mimi wala Arap Rono, na kitu pekee kilichosikika kilimani kilikuwa yeye akivuta hewa na kuitoa.

Alifariki kabla mvua za msimu huo hazijaisha, asubuhi, kijiko chake cha mursik kikiwa mkononi mwangu. Filamu ilikuwa bado haijasafishwa. Baba Awuor aliisafisha baada ya kurudi kutoka mazishini, na nilikuwa naye chini ya taa nyekundu karatasi ilipoanza kuonyesha. Ilitoka michai, kila jani lililochanwa na mvua ya mawe likionekana. Vilivyofuata ni vilima. Nyota ikatoka, safi. Mwisho ukatoka ukungu ule kwenye kiti, na nikasema kwa huzuni kwamba stendi imetuangusha. "Haikutuangusha," akasema. "Angalia vingine vyote." Sauti yake ilikatika hapo, nikaondoka nikamwacha na maji yake. Mwaka huo uliisha kwa mvua kubwa iliyobeba madaraja, na yeye akafunga studio akampeleka Awuor kwa nyanya yake, kwao.

Juzi nimeifungua leso. Miguu ina mikwaruzo lakini inafunga vizuri. Niliisimamisha sebuleni, nikaweka kikombe cha chai juu yake, nikaigonga kwa kidole, na chai ikatulia. Kisha nikampigia simu Awuor. Nilimweleza yote haya. Nilipofika mwisho nilimwambia aende ukutani aitazame tena: milima haijasogea, michai haijasogea, nyota yenyewe haijasogea. "Ni mama yako tu anayesogea," nikamwambia. "Babako alitafuta stendi ile ili kila kitu kingine kitulie, na yeye aonekane anapumua."

Nilimsikia kwenye simu akivuta hewa, akiitoa.